Kabla Mita Haijarudi Sifuri

Mbung'o ndio waliotupokea. Tulikuwa tumeshavuka mto Koga, siku ya tatu tangu tuondoke Itigi, na baba alikuwa amefunga vioo vyote ingawa lilikuwa jua la saa nane na ndani ya gari hakukuwa na upepo wa aina yoyote. Wadudu wale walitufuata kama watoto wanavyofuata gari la harusi. Waligonga kioo, wakarudi nyuma, wakagonga tena, na mmoja alipopata tundu la kuingilia baba aliachia usukani kwa mkono mmoja, akavua kofia na kuanza kumsaka huku tukirushwarushwa na mashimo.

"Mpige huyo, mwanangu! Mpige, usimwonee huruma, huyo hana mama!"

Nilimpiga kwa ndala. Hakufa. Mbung'o hafi kwa kofi moja, mliokulia porini mnajua. Unambandua, unamtupa chini, naye anainuka na kukufuata tena kama mtu aliyesahau kitu kwako.

Gari lilikuwa pikapu nyeupe ya Kijapani, mali ya mradi wa kilimo uliomwajiri baba kuwaendesha mabwana shamba. Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, wala halihitaji kutajwa. Mtu wa rika langu aliyekulia bara analiona hata akifumba macho, lilivyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa nyuma wa bodi. Wengine tulijifunzia kusoma pale, tukisimama vumbini gari lilipokwisha kupita. Mpanda nzima waliliita Mjapani. Ndani lilinuka leksini ya viti iliyopata jua, dizeli, na maganda ya machungwa ambayo baba aliyapanga juu ya dashibodi yakauke. Mpaka leo nikisikia harufu ya ganda la chungwa linaloungua juani miguu inaanza kuniwasha, nataka kuondoka mahali nilipo.

Mama alibaki Itigi. Niliambiwa anamuuguza bibi, na kwamba mvua zikiisha atapanda treni atufuate. Asubuhi ya safari alinitilia kanga yake moja kwenye begi, ya bluu yenye maua meupe, maandishi yake yalikwisha kufutika kwa kufuliwa. "Utajifunika," alisema. Hakulia, kwa hiyo nami sikulia. Baba alikuwa anaangalia maji ya rejeta kwa muda mrefu kuliko rejeta yoyote inavyohitaji kuangaliwa.

Kabla ya kufika Inyonga, nikiwa nimechoka na mbung'o, nilianza kuziangalia namba ndogo nyeupe chini ya mshale wa spidi. Ya mwisho ilikuwa inajizungusha taratibu kama jicho la kinyonga.

"Baba, hizi namba za nini?"

"Hiyo mita. Inahesabu tulikotoka."

"Ikiishiwa namba?"

"Haiishiwi. Zipo tano. Ikifika tisa zote tano, inarudi sifuri. Gari inaanza upya."

Nilifikiri sana juu ya hilo. "Na sisi?"

"Na sisi nini?"

"Tunaanza upya?"

Baba alicheka, kicheko cha mtu mwenye usingizi. "Na sisi," alisema.

Nimeyakumbuka haya juzijuzi nikiwa Kahama, kwenye uwanja wa magari yaliyotumika. Mimi ni mtu wa kuhama. Nimekaa Chunya, Tunduma, Geita, Mirerani, na kote huko sijawahi kumiliki kitanda ambacho hakikunjwi. Kijana mmoja fundi alikuwa ananionyesha gari, la kampuni ileile ya utotoni mwangu, na nilipouliza limetembea kiasi gani aliinama akaninong'oneza: "Bro, usiangalie mita. Mita tunairudisha. Ukitaka elfu hamsini, unapata elfu hamsini, nani atajua?" Alisema kwa furaha, kama anayenipa zawadi. Nilitoka pale bila kuaga. Nilitembea mpaka nje ya mji kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimekuja na pikipiki.

Tulipoingia Mpanda mita ilisoma elfu themanini na saba na kitu. Tulipewa nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa Nsemulwa, na jirani yetu alikuwa Mama Skola, Mpimbwe kwa kabila, mke wa mkulima wa mahindi na mpunga. Mwanawe Skolastika alikuwa wa umri wangu na ulimi wake ulikuwa na umri wa bibi yake. Siku ya kwanza alinizunguka akiniangalia kama anayenunua mbuzi.

"Nyie mmekuja na mama?"

"Anakuja. Mvua zikiisha."

"Mvua za wapi?"

Mama Skola alimrushia ganda la karanga. "We mtoto, acha maswali ya polisi. Mwanangu, umekula?"

Hilo lilikuwa swali lake kwangu kila siku ya Mungu kwa mwaka na zaidi. Baba alikuwa akiondoka alfajiri kwenda Katumba na vijiji vyake, akirudi jioni na mabwana shamba waliogeuka rangi ya barabara, na gari likinuka tumbaku mbichi. Mimi nilikula kwa Mama Skola, nikalala mchana kwenye mkeka wa Mama Skola, na alipokuwa anasuka ukili nilikaa kumshikia ncha.

Jioni baba alisimulia. Alikuwa na hadithi moja tu kubwa, ya kampuni ya gari lake, aliyopewa na mtaalamu wa Kijapani aliyewafundisha madereva mahali fulani kabla sijazaliwa, na aliisimulia kama wengine wanavyosimulia Agano la Kale. Kwamba watu wale hawakuanza na magari. Walianza na nguo. Palikuwa na mtoto wa seremala, maskini kama sisi, aliyekuwa anamwona mama yake akihangaika kufuma, akaamua kumtengenezea mtambo. Na mtambo wake ulikuwa na akili moja ambayo mitambo ya Wazungu haikuwa nayo: uzi mmoja ukikatika, unasimama wenyewe. Wazungu wakaja kununua ufundi ule, na kwa fedha hiyo mwanawe akaanza kutengeneza magari.

"Kwa hiyo Mjapani ni nguo!" alisema Baba Kulwa, dereva wa lori la tumbaku, Msukuma mkubwa aliyependa kukaa uani kwetu na kuchokoza. Lori lake lilikuwa la Kiingereza na lilikaa juu ya mawe zaidi kuliko barabarani. "Ndiyo maana jepesi hivyo. Dereva, siku ya upepo usilianike, litaruka!"

"Lako linasubiri spea kutoka kwa malkia," baba alimjibu. "Langu tanki likitoboka naziba na sabuni ya mche, nafika Katumba, narudi. Lako likitoboka unaandika barua."

Mama Skola aliinua macho kwenye kazi yake. "Kama gari lilitoka kwenye ufumaji, basi ngojeni ukili wangu huu. Ukikomaa, huu ni treni."

Mimi niliamini kila neno. Nililala chini ya gari nikitafuta nyuzi, na nilipoona nyaya na mikanda ya injini nikaridhika kwamba ndizo. Lakini sehemu ya hadithi iliyonikaa zaidi ilikuwa ya kamba. Baba alisema kule kiwandani juu ya vichwa vya wafanyakazi imepita kamba, na mtu yeyote akiona kosa, hata kosa lake mwenyewe, anaivuta, na kazi yote inasimama mpaka kosa litengenezwe.

"Hata mfagizi?" niliuliza.

"Hata mfagizi. Na hapigwi. Anashukuriwa."

"Na asipovuta?"

"Asipovuta, kosa linapanda juu ya gari, linavuka bahari, linakuja kumuua mtu Mpanda."

Mvua ziliisha. Mama hakuja. Zikaja nyingine, zikaisha nazo. Nilipouliza, baba alisema bibi bado mgonjwa, akaenda kuangalia rejeta. Ikabidi nitegemee mita. Kila jioni, gari likiwa bado linatoa joto, nilipanda kwenye kiti cha dereva na kuisoma. Sikumwambia mtu, hata Skola. Akilini mwangu jambo lilikuwa limenyooka: siku zile namba zitakaporudi sifuri, sisi nasi tutakuwa kabla ya safari. Nitafungua macho nikiwa Itigi, baba anaangalia maji, mama ameshika begi langu, na safari hii atapanda. Sikuona kwamba nilikuwa naamini uchawi. Mbona mshale wa saa unarudi juu na siku inaanza tena?

Tisini elfu. Tisini na tano. Tisini na tisa. Nilikuwa siwezi kukaa darasani. Mwalimu alisema nina chawa. Ndipo dizeli ya mradi ilipokwisha na nyingine isije. Kidogo kilichobaki kwenye pipa mkuu wa mradi aliamuru kiwe cha wagonjwa tu, na Mjapani akaegeshwa chini ya banda la makuti akiwa na elfu tisini na tisa, mia tisa na nne. Zilibaki kilomita tisini na sita. Nilipiga hesabu ile kwa kijiti ardhini, nikaifuta kwa mguu, nikaipiga tena.

Sasa nieleze habari ya kanga. Miaka ile magari upande wetu yalihesabika kwa vidole, na watu wa mashambani walikuwa na desturi yao. Kwenye njia panda ya kwenda Misunkumilo ilisimama nguzo kuukuu. Mwenye mgonjwa wa kubebwa alifunga kanga pale, na fundo likatazama njia ya kufuata. Aliyepita akaiona, hata kama ana haraka zake, alipeleka habari kwa dereva. Hakuuliza ni nani anaumwa, na dereva naye hakuuliza. Alikwenda kufuata fundo mpaka akute watu wamesimama barabarani. Wenye mgonjwa wenyewe ndio walikuja baadaye kuifungua. Mtu mwingine hakuigusa. Sikuwahi kusikia mtu ameiba kanga pale, na ilikuwa mahali ambapo hata ndoo isiyo na mshikio iliibwa.

Nilitoa ya mama kutoka kwenye begi. Nilikwenda nayo mchana, wakati watu wako mashambani, nikaifunga fundo likitazama njia ndefu. Haikupita saa moja mwanamke mmoja akaja mbio uani: "Dereva, kanga!" Baba aliacha sahani yake. Alirudi baada ya muda, akiwa na wasiwasi, akasema hakukuta mtu, labda wamempeleka kwa miguu. Mita ilikuwa imekula ishirini na mbili. Nilikwenda kuifungua kanga jioni. Wiki iliyofuata nikafunga tena, njia nyingine. Thelathini. Baba hakuitambua. Mwanamume akipita pale hatazami kanga ni ya nani, anatazama fundo linaelekea wapi.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilichagua njia ya mbali kabisa, inayopita mashamba hadi msituni, kwa kuwa nilitaka iishe siku hiyohiyo. Gari liliondoka, nami nikakaa kwenye mkeka wa Mama Skola. Mama Skola mwenyewe alikuwa mjamzito, mzito wa siku zake, lakini watu wazima walisema bado wiki mbili na mimi nilijua hesabu za kilomita tu. Alikuwa anapepeta mahindi. Akasimama, akashika ukuta. Akakaa. Akamwambia Skola kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kamwite baba yako shambani. Halafu kamwite dereva."

Skola alirudi kwetu akihema. "Baba yako yuko wapi?"

"Ameitwa."

"Na nani?"

Niliinamia mkeka. Aliniangalia kidogo, kisha akakimbia.

Walisubiri. Hiyo ndiyo sehemu ninayotembea nayo: kwamba walisubiri, kwa sababu walimjua baba. Baba Skola alisimama barabarani akitega sikio, akisema, "Atakuja sasa hivi, huwa hakawii." Jua lilipanda. Hatimaye walimpakia kwenye baiskeli juu ya godoro lililokunjwa, wanaume wawili wakimshika pembeni, na mimi na Skola tukafuata nyuma. Mchanga ulikuwa mwingi. Kila gurudumu lilipozama alitoa sauti ambayo sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuitoa, na katikati yake aliuliza, "Dereva hajaja?" Hospitali ilikuwa bado mbali walipomshusha chini ya mti. Wanawake wa nyumba za karibu walitoka, wakamzungushia kanga zao wakizishika kwa mikono kuwa ukuta. Rangi zilikuwa nyingi. Nilisimama nikisubiri mtoto alie. Wanawake walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, kisha nikasikia wananyamaza mmoja mmoja.

Mama Skola alipona. Mtoto alikuwa wa kiume. Muuguzi alisema pengine angefikishwa mapema mtoto angepona, pengine hata hivyo asingepona. Watu wazima walilirudiarudia neno lile, pengine, na mimi nimelibeba kila mji niliokaa.

Baba alirudi jua likikaribia kuzama. Hakuwa amepotea. Alikuwa ameona kwamba hii ni mara ya tatu anakosa mgonjwa, akaogopa kwamba kuna mtu anafia ndani kwa sababu yeye hatafuti vya kutosha, kwa hiyo aliacha gari na kuingia nyumba kwa nyumba, shamba kwa shamba, akipiga hodi. Alipoambiwa ya Mama Skola alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Na mimi, nisijisifie uongo mbele yenu, nilikwenda kwanza kuangalia mita. Tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na nne. Zimebaki sita. Na juu ya kiti cha abiria, imekunjwa vizuri mara nne, ilikuwepo kanga ya bluu yenye maua meupe. Safari hii, wakati wa kurudi, baba alikuwa ameisimamia nguzoni akaitazama, akaitambua.

Hakunipiga. Wala kesho yake hakunipiga, na nilitamani sana anipige.

Siku ya tatu mkuu wa mradi alikuja uani kwetu, akapewa kiti. Watu walijaa. Maneno yalikwisha kuzagaa kwamba dereva alikuwa anazungusha gari kwa mambo yake. Baba Kulwa alikuwepo, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania.

"Ulikuwa wapi saa zote zile?" mkuu aliuliza.

"Niliitwa na kanga."

"Kanga ya nani?"

"Sikuijua."

"Ana mke mdogo huko mashambani!" mtu alisema kutoka nyuma, na wachache wakaguna.

Baba Skola aliinua mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dereva, mimi sina ugomvi na wewe. Umewabeba wazazi wangu. Nataka kujua tu, huyo uliyemfuata, alikuwa anaumwa kuliko mke wangu?"

Baba alitazama chini. Kanga ilikuwa chini ya kiti cha gari, hatua kumi kutoka pale, na yeye alikuwa tayari kupoteza kazi na jina lake palepale badala ya kwenda kuitoa. Nilitazama juu. Nakumbuka nilitazama juu kweli, kana kwamba kamba itakuwepo, imepita kutoka kwenye mwembe hadi paa la bati.

"Ni ya mama," nilisema.

Hawakunisikia. Nikasema tena, kwa nguvu, sauti ikanikatika: "Kanga ni ya mama. Nilifunga mimi. Zote tatu."

"Kwa nini?" mkuu aliuliza.

"Nilitaka mita iishe."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa kwa kiwiko. Hakuna aliyenishukuru. Baba Skola alisimama, akajipangusa vumbi la suruali, vumbi lote, kwa makini, upande huu na upande huu, akaondoka. Mkuu wa mradi alisema kazi ya baba haitaguswa, lakini kuanzia siku ile gari halitoki kwa kanga. Atatumwa kwanza mtu wa baiskeli kuhakikisha. Watu waliitikia, ndiyo, ni kweli, ni lazima. Na ndivyo desturi ile ilivyokufa, mbele ya watu hamsini, mchana, bila mtu kuinua sauti.

Jioni baba alinipa debe la unga. "Utampelekea mwenyewe. Na utasema mwenyewe."

Mama Skola alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, miguu ameinyoosha, anasuka ukili. Niliweka debe chini. Niliyatoa maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani, na mengine ambayo sikuyapanga, na alinisikiliza huku vidole vyake vikiendelea.

"Ulimtaka mama yako," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilimtaka mwanangu."

Alisuka mpaka mwisho wa ncha, akaongeza nyingine. Skola alikuwa mlangoni. Ndipo Mama Skola aliuliza, bila kuinua macho, kwa sauti ileile ya siku zote: "Umekula?"

Sikuwa nimekula. Aliniletea ugali na kisamvu. Nilikula nikiwa nimempa mgongo.

Haukupita mwezi baba aliniambia kwamba narudi Itigi. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari chini ya banda, yeye kwenye usukani, kama tunaosafiri.

"Mama yako hatakuja huku," alisema. "Mimi na yeye tuliachana kabla hatujapanda gari hii. Bibi yako mzima, analima. Nilitakiwa nikwambie palepale Itigi, uzi ulipokatika. Nikaona nitakwambia mbele. Halafu mbele nikaona nitakwambia mbele."

Nilitaka kumuuliza kwa nini alisema "na sisi". Nilikutana naye mara mbili tu baada ya miaka ile, nikiwa mtu mzima, mara zote nje ya Mpanda, na mara zote mbili nilikuwa na swali hilo mdomoni nikalimeza na chai.

Siku ya kuondoka alinifungia begi mwenyewe. Niliona mkono wake unatoa kanga ya mama kutoka kati ya nguo. "Hii acha," alisema. Niliona ni haki. Nilikuwa nimeitumia vibaya.

Mama Skola alikuja hadi kwenye mlango wa gari na karanga za kukaanga ndani ya mfuko wa karatasi. Skola alinipa mkono kama mtu mzima. "Ukifika usifunge kanga," alisema. Mama yake alimpiga kofi la mgongo, lakini niliona mdomo wake yeye mwenyewe ukicheza kidogo, na nilishukuru kuliko kama ningebarikiwa na padri.

Tangu Jumamosi ile gari halikuwa limetoka, na kutoka kwetu hadi stesheni hazikufika kilomita sita. Baba alijua. Tulipofika karibu na reli alikata kona, akapita sokoni, akazunguka, akarudi barabara tuliyotoka, dizeli ile ya tabu ikiungua bure, na mimi nikaelewa anafanya nini nikakaza macho kwenye namba. Tisa, tisa, tisa, tisa, tisa. Alipunguza mwendo. Zote tano zikaanza kugeuka pamoja, taratibu, zikasimama nusunusu kama zinazosita, kisha zikashuka. Baba akazima injini katikati ya barabara.

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekwisha kujua kila kitu, nimekwisha kuambiwa, na bado nilishika kiti. Nje mama mmoja muuza mihogo alikuwa anabishana na mteja. Leksini ilinuka. Baiskeli ikapiga kengele nyuma yetu tupishe.

"Umeona?" baba aliuliza.

"Nimeona."

"Haya." Akawasha gari. Liliwaka mara moja, kama kawaida yake.

Treni ilichelewa kuondoka, lakini baba hakusubiri. Alinikabidhi kwa mama mmoja aliyekuwa anakwenda Tabora, akanishika kichwa kwa kiganja chote, akaondoka haraka, na mimi nikafikiri ndivyo basi, amekasirika hadi mwisho. Nilikaa dirishani na karanga zangu. Mabehewa yalishtuka, yakavutana, mji ukaanza kurudi nyuma: paa za bati, miembe, watoto wakikimbia pembeni.

Tulipofika pale barabara inapokata reli, nje kidogo ya mji, nilimwona Mjapani amesimama pembeni, mweupe, mlango uko wazi. Baba alikuwa amesimama mbele ya boneti, kofia mkononi. Na kwenye nguzo ya alama ya reli, imefungwa juu kabisa ambapo mwenye macho hawezi kuikosa, ilikuwepo kanga ya bluu yenye maua meupe. Fundo lilitazama upande wangu.

Treni haikujua desturi ile. Ilipiga honi, ikapita.